Nilimwambia Mdogo Wangu Aache Petroli

Mlioniacha wiki iliyopita nikipanda gari la kambi, na shahada yangu ndani ya bahasha, pokeeni habari zangu. Shahada bado iko kwenye bahasha. Mimi naosha mawe.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Nilisoma jiolojia ya petroli kwa sababu nilipomaliza shule kila redio ilikuwa ikisema nchi yetu inaelea juu ya mafuta. Nilipomaliza chuo redio zilikuwa zimehamia habari nyingine. Zile kampuni zilizokuwa zikija darasani kutugawia kofia na kalamu zilikuwa zimefunga ofisi na kuondoka na viyoyozi vyao.

Nikaomba kazi mpaka nikachoka kusoma majibu. Kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu. Nikiuliza huo uzoefu mtu anaupata wapi kama hajapewa kazi, wananishukuru kwa kuja.

Nyumbani majirani waliniletea majiko ya mafuta ya taa. "Si wewe ndiye wa mafuta? Hebu litazame, linatoa moshi." Nikawa nayatazama. Baba peke yake hakucheka. Aliendelea kuwaambia watu, "Mwanangu ni wa petroli," kwa sauti ya mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita.

Ndipo kikaja kisima hiki. Kisima kimoja tu, cha kutafuta mafuta, mbali na kila kitu. Wakanichukua kibarua wa sampuli.

Kazi yenyewe haina makuu. Kekee inasaga mwamba huko chini. Matope yanayosukumwa na pampu yanapanda na vipande vya mwamba, vidogo kama punje za mtama. Mimi navikinga. Sehemu nafunga vikiwa vibichi kwenye mifuko ya kitambaa, ni akiba. Sehemu naosha, nakausha kwenye tanuri dogo, natazama kwa hadubini. Halafu naingia kwenye kichumba chenye giza na kuviweka chini ya taa ya urujuanimno. Kama kuna mafuta, jiwe linang'aa. Kama hakuna, unatazama giza.

Taa hiyo ndiyo ilikuwa imebeba maisha ya kambi nzima. Kikipatikana kitu, kampuni ingechoronga visima vingine na sisi vibarua tungeajiriwa. Kisipopatikana, kila mtu na begi lake.

Na mbali na kambi alikuwapo mtu mwingine aliyekuwa akiisubiri taa ile kuliko sisi sote. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama, tunayemwita Kiduchu ingawa sasa ananizidi urefu. Amefaulu fizikia na kemia kwa alama ambazo mimi sikuwahi kuzisogelea. Anataka kusoma nilichosoma mimi, kwa sababu nilikisoma mimi. Hilo lilikuwa likinipa furaha zamani. Sasa lilikuwa likininyima usingizi.

Kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote pale kambini. Kinachotoka kisimani hakitoki getini.

Simu zetu zilikaa kwenye droo ya mlinzi. Baada ya chakula cha mchana unakwenda, unapewa yako, unaongea ukiwa umesimama mbele yake, unairudisha. Anasikia kila neno. Ndiyo kazi yake.

Mlinzi mwenyewe tulisoma naye chuo kimoja. Yeye alichukua uhandisi wa petroli. Alikuwa akituambia bwenini kwamba ataishia kuwa waziri wa nishati, tukambandika jina hilo, na hadi leo ni Waziri. Ana rungu, sweta lililochakaa viwiko na kiti cha plastiki.

"Usinionee huruma," aliniambia siku niliyofika. "Wenzetu wote wako nje ya sekta. Yupo anayeuza vifuniko vya simu, yupo anayefundisha hesabu. Mimi niko ndani ya sekta. Niko mlangoni kabisa."

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Tulikuwa tumefika kwenye tabaka lile lililotuleta, mchanga mgumu ambao wakubwa waliutaja kila siku kwenye vikao. Na hapo hapo kila kitu kikaamua kuharibika. Mrija wa kipima gesi uliziba matope, na kipuri chake kilikuwa njiani. Mwenzangu wa zamu akashikwa na homa. Mkuu wetu, mwanajiolojia mmoja mama mtu mzima ambaye kambi nzima humwita Mama Jiwe, akaitwa makao makuu mkutanoni.

Nikabaki mimi, tanuri na taa.

Nikafanya zamu yangu, nikafanya na ya mgonjwa. Sampuli zikaja mfululizo kama wateja wa siku ya soko. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya buti. Nikapandisha moto wa tanuri ili zikauke upesi. Nikazitoa, nikaingia nazo gizani, nikawasha taa.

Giza.

Nikaleta nyingine. Giza. Nikafuta kioo cha taa kwa shati langu, nikaleta nyingine tena. Jiwe lilikuwa limelala kimya kama mtu aliyekataa kuamkiwa.

Nilikaa kwenye ndoo nikaegemea ukuta. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno. Niliwaza tu kwamba miaka yote ile ya chuo, na ile ya majiko ya majirani, ilikuwa imeishia kwenye sahani ya vipande vya mchanga usio na kitu. Nikaandika nilichokiona: mwamba mkavu.

Mchana nikaenda getini. Simu ilikuwa ikitetemeka ndani ya droo kabla sijapewa.

"Huyu mtoto amepiga mpaka meza inahama," alisema Waziri. "Pokea."

"Kaka," alisema Kiduchu. Hata salamu hakutoa. "Kesho jioni wanafunga."

"Wanafunga nini?"

"Maombi ya chuo, kaka, wewe nawe. Nimeweka petroli ya kwanza, famasia ya pili. Mama anataka nigeuze. Baba anasema tukuulize wewe, maana wewe ndiye uko huko kwenyewe."

Nilimtazama Waziri. Alikuwa akijikuna goti kwa rungu, akiangalia barabara kama mtu asiyesikia.

"Kaka, uko?"

"Niko."

"Niiache ilivyo?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia amsikilize mama. Lakini nilimwona kama yuko mbele yangu, miaka mitano mbele, amekaa barazani kwetu na jiko la jirani mapajani, na baba nyuma yake akimwambia mgeni, "Huyu naye ni wa petroli."

"Acha petroli," nikasema.

"Unatania."

"Weka famasia ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Nimesema tu."

"Kaka, wewe ndiye uliyeniletea lile jiwe la mafuta nikiwa la sita, ukanipa ninuse. Leo unaniambia niache na hutaki kusema kwa nini?"

"Siwezi kusema kwa nini."

Hapo akaelewa. Nilimsikia akielewa. Pumzi yake ilibadilika.

"Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito na hataki kusaidiwa. Akakata.

Nilimrudishia Waziri simu. Akaiweka kwenye droo taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nimejua." Akaifunga droo. "Ningepaswa kukuandika kwa wakubwa. Unajua hilo?"

"Niandike."

"Nikuandike ili iweje? Wote tunaenda nyumbani." Akacheka kicheko kifupi kisicho na mate. "Mwenzio nilikuwa nimeanza kunyoosha shati la ofisini. Nalinyoosha kila Jumapili. Sasa nitalivaa kanisani."

Nilirudi kibandani kwangu nikalala na buti.

Asubuhi iliyofuata Mama Jiwe akarudi. Aliingia maabara na vumbi la safari mabegani, akaweka mkoba chini, akasoma maelezo yangu akiwa bado amesimama. Akayasoma tena. Ni mwanamke asiyepoteza maneno. Amefanya kazi kwenye visima vya nchi nyingi, na watu husema amezika vingi kuliko alivyozaa.

"Mkavu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tabaka lote?"

"Lote, mama."

"Lete mifuko ya mbichi."

Nikaileta. Akafungua mmoja, akachota vipande vikiwa bado na matope, akavisuuza kidogo tu, akaingia navyo gizani. Nikamfuata. Akawasha taa.

Ndugu msomaji, nimejaribu mara nyingi kuandika nilichokiona, na kila mara kalamu inachoka kabla yangu. Sahani iling'aa. Mwanga mweupe wenye ubuluu, umetapakaa kati ya punje kama maziwa kwenye maji. Akachota mfuko mwingine. Ule ule. Wa tatu, ukawaka kupita yote.

Nilimsikia akipumua kwa pua.

"Ulizitazama kabla ya kuzikausha?"

"Hapana, mama."

"Tanuri uliliweka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Mwisho, mama. Zilikuwa zimejaa. Nilikuwa peke yangu."

Alizima taa tukabaki gizani. Kama angenifokea ningeshukuru.

"Mafuta haya ni mepesi," alisema. "Mepesi ni mgeni mwenye haraka. Ukimkalisha karibu na moto anaondoka bila kuaga. Umeyapika yakaruka, umebaki na jiwe, ukaandika jiwe. Siku ya kwanza nilikuambia nini?"

"Mbichi kwanza."

"Mbichi kwanza," akarudia. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Nami nilimwachia mtu mmoja zamu mbili. Hilo ni langu."

Nilitaka kucheka na kupiga magoti kwa wakati mmoja. Miguu ikaniambia tuchague kimoja, nikasimama tu.

"Kwa hiyo tumepata, mama?"

"Tumeona. Kupata ni habari nyingine. Nimeona visima viking'aa usiku wa harusi vikafa asubuhi." Akafungua mlango, mwanga wa nje ukanichoma macho. "Anayejua ni mimi na wewe. Nataka iwe hivyo mpaka makao makuu waseme. Kuanzia sasa hakuna simu kambini. Hata moja."

Ndipo Kiduchu aliponirudia kichwani kama ndoo ya maji baridi. Jioni. Wanafunga jioni.

"Mama," nikasema, "nina shida ya nyumbani. Simu moja tu."

"Amefariki mtu?"

"Hapana."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana, mama, ila…"

"Basi itasubiri."

Nikaenda getini hivyo hivyo. Nilijikaza uso usionyeshe kitu. Waziri alinitazama mara moja tu, akaliegemeza rungu ukutani.

"Jana umenizika," akasema, "leo umekuja kunifufua?"

"Sijasema kitu."

"Ndugu yangu, uso wako hauna kufuli. Ungekuwa benki tungeibiwa kila siku." Akagonga droo kwa kidole. "Lakini hii imefungwa, na ufunguo wamekuja kuuchukua sasa hivi. Na simu yako inaita humo ndani tangu alfajiri. Nimekaa nayo kama mtu aliyekaa juu ya mtoto anayelia."

Niliisikia. Ilikuwa ikitetemeka kwenye mbao, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Wewe ukitoka zamu," nikasema, "utampigia?"

"Nimwambie nini?"

Nimwambie arudi petroli? Leo, baada ya kumwambia jana aiache? Hata mtoto wa chekechea angejua kilichotokea kati ya jana na leo. Kiduchu angemwambia baba, na baba angemwambia dunia. Kufikia kesho bei za viwanja zingekuwa zimepanda na mimi nimeshuka.

Na hata tukiacha hayo, nimwambie nini kilicho kweli? Jana nilimshauri kwa sababu jiwe lilikuwa na giza. Leo nataka kumshauri kwa sababu linang'aa. Mtoto ananiuliza maisha yake, mimi namjibu kwa shimo moja. Waziri alikuwa na darasa zima la watu walioshauriwa hivyo.

"Wewe ungechagua tena?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. Sikutegemea afikiri vile.

"Nikiwa hapa usiku," akasema, "mnara wa kuchorongea ukinguruma, najua kila sauti inatoka wapi. Pampu, mnyororo, kekee ikibadili mwamba. Hakuna anayeniuliza, lakini najua. Ningechagua tena, Mungu anisamehe. Ila mtoto wangu sijui kama ningemruhusu."

Hilo halikunisaidia. Lilinichosha zaidi, kwa sababu mimi pia ningechagua tena.

Boza la maji likatokea barabarani likivuta vumbi lake. Waziri akaenda kuinua kizuizi. Nilikuwa nimeshageuka kurudi kazini niliposikia mlango wa abiria ukifunguka, na sauti ya dereva ikisema, "Huyu hapa kaka yako. Shuka, binti, umenimalizia karanga zangu."

Nikageuka.

Kiduchu alikuwa ameshuka. Nywele zimejaa vumbi, viatu vya shule, mkoba wa mama begani. Mkononi ameshika simu. Hakutabasamu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefikaje huku?"

"Kwa basi, halafu kwa mzee wa maji. Simu yako inaita tu, hupokei. Nimeondoka kabla hawajaamka. Baba atakuwa ananitafuta mpaka chini ya vitanda."

"Umeshafanya nilivyokuambia?"

"Famasia nimeshaipandisha juu." Akanionyesha simu, kioo kimepasuka pembeni. "Nimebakiza kubonyeza hapa, thibitisha. Usiku kucha kidole kiko hapa. Kaka, sikuweza. Nikasema siwezi kuachishwa kitu kwa simu kama mtu anayefukuzwa kazi. Nimekuja uniambie usoni."

Waziri alikuwa ameganda na kamba ya kizuizi mkononi. Hakuliruhusu boza lipite wala hakulizuia.

"Njoo huku pembeni," nikamwambia, na nikamshika mkono.

"Nani huyo?"

Sikuhitaji kugeuka. Mama Jiwe alikuwa anakuja kutoka maabara na kofia yake kwapani. Alikuwa amekuja kuhakikisha mwenyewe kwamba geti limefungwa.

"Ni mdogo wangu, mama. Alikuwa anapita."

"Huku hakuna anayepita. Barabara inaishia hapa." Akamtazama Kiduchu toka viatu hadi nywele, na nikaona uso wake ukilegea kidogo, kama anamkumbuka mtu. "Umekuja kufanya nini, binti?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza nisome nini."

"Marahaba. Umetoka wapi kote huko kuja kuuliza hilo? Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Petroli, mama. Tangu darasa la sita." Kiduchu huwa hajui kusema uongo, hata mdogo wa kuokoa mtu. "Lakini kaka jana aliniambia kwa simu niache. Na hakutaka kusema kwa nini."

Waziri akafumba macho.

Mama Jiwe alikuwa akinitazama mimi sasa, kwa yale macho anayotazamia mawe, bila haraka, akitafuta kilichomo.

"Jana," akasema.

"Ndiyo, mama," alijibu Kiduchu, akidhani ameulizwa yeye.

"Kwa simu. Na hakusema kwa nini."

"Ndiyo."

Mama Jiwe akavaa kofia, akaikaza vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa kazi ndefu.

"Binti amesafiri kukuuliza swali," akaniambia. "Ni swali zuri. Mjibu. Nasimama hapa hapa nisikie. Leo unamwambiaje?"

Nikimwambia arudi, nimeitoa siri ya kisima mbele ya aliyenikabidhi, na nimekiri ya jana. Nikimwambia aache, mdogo wangu atabonyeza pale pale akiwa ameniamini, na ataondoka na uongo wangu maisha yake yote.

Kidole cha Kiduchu kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

"Sema, kaka," akasema. "Chochote utakachosema nitafanya."

"Usifanye nitakachosema," nikamwambia, na nikaona uso wa Mama Jiwe ukibadilika. "Kwanza sikiliza nilichokifanya jana: nilipima maisha yako yote kwa shimo moja."